Vikaango vitatu ndani ya pipa

Pipa la bluu lilikuwa limejaa hadi shingoni. Mlikuwa na mashuka, taulo kumi na mbili, viatu vya watoto wa dada yangu, mafuta ya kujipaka, dawa za meno, na juu kabisa, vikiwa vimefungwa kwa gazeti, vikaango vitatu vyeusi vya kung'aa. Kikubwa, cha kati na kidogo. Mama, aliyeko Mombasa, alikuwa ameniomba tangu Ramadhani, aina ile isiyoshika chakula. Mwenye lori la kupeleka mizigo bandarini angepita Jumatatu asubuhi.

Jumapili usiku nilishuka gereji kufunga mfuniko. Nikavitoa vile vikaango. Nikavirudisha. Nikavitoa tena, nikakaa juu ya ndoo navyo mapajani mpaka mume wangu akaja kuuliza kama kuna neno.

Jumatatu mwenye lori alipopiga honi, nilimwambia pipa halijawa tayari.

Hizo ni wiki sita sasa.

Ng'ambo ya mto

Naishi mashariki ya Saint Paul, jimbo la Minnesota. Vikaango sikuvinunua huku. Nilivuka daraja la mto St. Croix, nikaingia Hudson, upande wa Wisconsin, nikavinunua huko kwa bei ya kutupa.

Nilivuka kwa sababu upande wetu haviuzwi tena. Tangu tarehe 1 Januari 2025, Minnesota imekataza kuuza vyombo vya kupikia vilivyotiwa kwa makusudi kemikali za jamii ya PFAS, zile zinazoitwa kemikali za milele kwa kuwa haziozi. Sheria inagusa aina 11 za bidhaa: pamoja na vyombo vya jikoni, zimo sabuni na dawa za usafi, nta za sakafu, mazulia, vipodozi, uzi wa meno, pedi za hedhi na vitu vya watoto. Karatasi na vyombo vya kufungia chakula vilitangulia, tangu Januari 2024.

Sheria hiyo naijua. Kazi yangu ni jikoni, katika nyumba ya kutunzia wazee, na mwaka mzima wa 2024 tulikuwa tukiitiwa vikao juu yake. Jikoni kwangu mwenyewe nilishaondoa vikaango vya namna ile. Nikavuka mto hata hivyo, kwa sababu akilini mwangu vile havikuwa vyangu.

Vilikuwa vya kupeleka nyumbani.

Hilo neno ndilo lililonizuia kufunga mfuniko. Nimelitamka mara ngapi katika miaka kumi na tatu ya kuishi huku? Nguo iliyochuja, ya kupeleka nyumbani. Simu iliyopasuka kioo, ya kupeleka nyumbani. Nilikuwa naona ni upendo, na kwa sehemu kubwa ni upendo kweli.

Maji ya Oakdale

Kwa mtu anayeishi mtaa wetu hii si habari ya mbali. Makao makuu ya kampuni ya 3M yako Maplewood. Kiwanda chake kilichotengeneza PFAS kwa miongo mingi kiko Cottage Grove, kando ya mto Mississippi. Taka za kiwanda zilifukiwa ardhini Oakdale, Woodbury, Lake Elmo, na penyewe Cottage Grove. Mwaka 2004 idara ya afya ya jimbo ilikuta kemikali hizo ndani ya maji ya kunywa ya watu. Jimbo likashtaki mwaka 2010. Februari 2018, siku ile ile kesi ilipotakiwa kuanza, kampuni ilikubali kulipa dola milioni 850 bila kukiri kosa.

Nilipohamia sehemu hizi nilikuta majirani wanachuja maji kwa mitungi ya chujio, nikadhani ni mazoea ya wenye nazo. Sisi tuliolelewa kwa maji ya kununua kwa mkokoteni, maji yanayotoka bombani saa ishirini na nne, safi, baridi, tunayaona ni neema tupu. Nilikunywa bila kuuliza.

Sheria yenyewe inaitwa kwa jina la msichana, Amara Strande. Alisoma sekondari Oakdale. Akiwa na miaka 15 akagundulika na saratani ya ini ya aina adimu. Yeye aliamini maji ndiyo chanzo. Hakuna daktari aliyeweza kusema kwa yakini kwamba saratani ile imetokana na kemikali ile. Alikwenda mbele ya wabunge wa jimbo mwaka 2023, mgonjwa, sauti imekwisha nguvu, akawaomba. Alifariki Aprili mwaka huo, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 21. Mwezi uliofuata sheria ikatiwa saini.

Nina binti wa miaka kumi na tisa.

Siwezi kuandika zaidi juu ya hilo.

Tone lililokataa kunywewa

Nilipoajiriwa jikoni pale tulikuwa tukipakua chakula kwenye sahani nzito za kauri. Korona ilipoingia, sahani zikafungiwa stoo na tukahamia vyombo vya kutumia mara moja: mabakuli ya rangi ya udongo yaliyofinyangwa kwa makapi ya miwa. Yana alama ya jani kwa chini. Wazee wakishamaliza, mabakuli yanakwenda kwenye pipa la kijani, yanaozeshwa kuwa mboji, mboji inakwenda bustanini. Nilikuwa najisikia vizuri kila nikibeba lile pipa.

Aliyenitoa usingizini ni mwenzangu, mama mmoja Mkongo wa Bukavu. Siku moja alikuwa akimimina mchuzi, akasita, akanionyesha. "Dada, hii bakuli iko na dawa. Karatasi haikatae mafuta yenyewe."

Neno lake lilinikaa. Makapi ya miwa ni kitu cha kunyonya. Ukiyaacha yalivyo, mchuzi unapenya hadi mezani. Ili yasilowe, watengenezaji kwa miaka mingi walichanganya PFAS kwenye uji wa makapi kabla ya kuukandamiza kuwa bakuli. Hakukuwa na ngozi ya juu ya kubanduka. Dawa ilikuwa ndani ya unyuzi wote.

Kuna jaribio wanalolifanya watu wa jikoni, na mimi nililifanya zamu ilipokwisha. Nilichukua bakuli moja kutoka katoni ya zamani iliyosalia chini ya rafu, na jingine kutoka katoni mpya. Nikachovya kijiti cha meno kwenye mafuta ya zeituni, nikadondosha tone moja moja.

Kwenye bakuli jipya tone lilitandaa polepole, likaacha doa jeusi kama la jasho. Kwenye lile la zamani lilisimama mviringo, likameremeta kama maji juu ya jani la gimbi. Niliinamisha bakuli. Tone likateleza hadi upande wa pili na halikuacha hata alama.

Jaribio hili si la maabara. Kuna vyombo vilivyopakwa vitu vingine ambavyo navyo hukataa mafuta, na anayetaka hakika hupima jumla ya florini, elementi iliyomo ndani ya kila PFAS. Lakini nilikuwa nimesimama peke yangu jikoni, taa nusu zimezimwa, nikiwahesabu wazee niliowapakulia uji wa asubuhi, wa moto, ndani ya yale mabakuli.

"Hakina PFOA"

Nilimwandikia muuzaji wetu wa vyombo. Maswali mawili tu: je, bidhaa hii imetiwa PFAS yoyote kwa makusudi? Na jumla ya florini iko chini ya sehemu 100 kwa milioni? Namba sikuitunga; 100 kwa milioni ndicho kikomo wanachokitumia BPI, wale wanaotoa cheti cha vyombo vya kuoza, tangu 2020.

Jibu lilikuja siku ya tatu. Bidhaa zetu hazina PFOA wala PFOS.

Nilifurahi. Nililichapisha nikalibandika ukutani karibu na ratiba ya zamu. Lilikaa pale siku mbili kabla sijaelewa kwamba hakujibu nilichouliza.

PFOA ni kemikali moja. PFOS ni nyingine moja. Jamii nzima ya PFAS, kwa hesabu ya mwaka 2018 ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi, ina zaidi ya kemikali 4,700. PFOA ndiyo iliyopata jina baya kuliko zote: viwanda vikubwa vya Marekani viliahidi kuiacha kufikia 2015, Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa juu ya kemikali sumu zisizooza, ukaiweka kwenye orodha ya kukomeshwa mwaka 2019, na mwisho wa 2023 shirika la IARC, la utafiti wa saratani, likaitaja wazi kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Anayekuambia leo kwamba bidhaa yake haina PFOA amekuambia kidogo sana. Wenye viwanda walishahamia kwa binamu zake.

Nilipolitambua hilo nilikuwa nyumbani, naosha vyombo. Nikaacha maji yanamwagika, nikashuka gereji, nikafungua gazeti.

Kwenye kibandiko cha kikaango kikubwa, kwa herufi za kijani na picha ya jani: hakina PFOA.

Na utando wenyewe mweusi ni PTFE, ile inayojulikana kwa jina la Teflon, ambayo ni PFAS.

Je, nimetia chumvi?

Wiki mbili nilizimaliza na swali hili, na bado sidhani jibu lake ni jepesi.

Kikaango chenyewe, kikiwa kizima, si sumu ya kumuua mtu. PTFE ni mnyororo mrefu mno wa kaboni na florini. Kipande kikimezwa, kwa kadiri inavyojulikana, kinapita tumboni na kutoka kama kilivyoingia. Madhara makubwa yako mwanzo na mwisho wa safari yake: kwenye kiwanda kinakotengenezwa, na kwenye maji ya watu wanaoishi karibu na kiwanda au jalala. Mume wangu, ambaye ni fundi wa magari na hapendi maneno mengi, aliniambia, "Mama yako amekula samaki wa kukaanga kwa mafuta yaliyorudiwa maisha yake yote. Hili ndilo la kukukosesha usingizi?"

Ana haki. Kule kwetu kuna moshi wa makaa, kuna maji ya chumvi, kuna dawa za mbu zisizo na kibandiko. Nani anayo nafasi ya kuhofia kifungo cha kaboni na florini?

Lakini kifungo hicho ndicho kisa chote. Ni miongoni mwa vifungo vyenye nguvu kuliko vyote katika kemia ya vitu vyenye kaboni. Jua halikikati, vijidudu vya udongoni havikili, na mwili hauna kifaa cha kukifungua. PFOA ikishaingia kwenye damu, nusu yake huchukua miaka kadhaa kutoka. Nikikosea juu ya mafuta yaliyorudiwa, mjukuu wangu anaweza kurekebisha. Kwa hili, tukishamwaga, tumemwaga.

Na kuna moto. PTFE huanza kuharibika ikipita nyuzi joto 260 hivi, na ikizidi sana hutoa mvuke unaoua ndege wanaofugwa ndani ya nyumba na unaoweza kumtia mtu homa na kifua. Kwenye jiko la umeme, mtu mwangalifu hafiki huko. Mama yangu anapikia makaa. Huinjika kikaango kitupu juu ya makaa mekundu, akaenda uani kuparura samaki, kisha ndipo akarudi kutia mafuta.

Kuku wake hulala mlango wa pili.

Simu ya Kisauni

Nilimpigia Mama, huko Kisauni, Mombasa. Tulizunguka kwanza, kama desturi: afya, mvua, jirani aliyefiwa. Kisha nikamuuliza kile kikaango nilichompa mgeni amletee mwaka 2019 kiko wapi.

"Kipo. Ndicho nikaangiacho."

Nikamwomba anionyeshe. Akaigeuza simu, nikaona dari, nikaona kanga yake, nikaona kikaango. Kwa chini kilikuwa cheupe kama shilingi mpya. Weusi ulibaki ukingoni tu, kama pete.

"Kilikuwa na utandu mbaya," akasema kwa fahari. "Nimekitakasa kwa mtanga na majivu hata kikatakata."

"Na ule weusi, Mama, ulikwenda wapi?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. "Ulikwenda na maji, mwanangu."

Maji ya vyombo nyumbani kwetu humwagwa nyuma, migombani.

Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana mama yangu hukusikiliza hata asipokubaliana nawe. Aliyejibu ni dada yangu mdogo, aliyekuwa ameketi pembeni akikata vitunguu kwa biriani yake ya Ijumaa. Hakuinua sauti.

"Kwa hivyo kwenu vimekatazwa, na hivyo ndivyo ulivyokuwa watuletea?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilisema mtandao unakatika, nikakata. Nimemwomba radhi baadaye, kwa hilo na kwa lile la kwanza.

Huko hakuna hayo?

Binamu yangu wa Kisumu aliniandikia kwamba haya ni maradhi ya nchi tajiri. Nilitamani iwe hivyo. Lakini takriban mwaka 2008 na 2009 watafiti walishapima mbuta na ngege wa Ghuba ya Winam, na maji ya ghuba yenyewe, wakazikuta PFOA na PFOS. Mwaka 2018 wengine wakachapisha walichokikuta kwenye kinamasi cha Nakivubo, Kampala: PFAS majini, udongoni, na ndani ya mimea inayolimwa pale. Hakuna kiwanda cha 3M Kisumu wala Kampala. Yaelekea kemikali zilifika ndani ya vitu vingine: nguo, mazulia, povu la kuzimia moto, vyombo.

Vingine huenda vilifika ndani ya mapipa ya bluu.

Tangu Kenya ikataze mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, dada yangu naye amehamia mabakuli ya makapi ya miwa kwa wateja wa kuchukua. Aliyanunua mjini. Ameyapenda kwa sababu hayavuji. Nilimfundisha jaribio la tone. Alilifanya papo hapo, kwa mafuta ya uto ya kukaangia bhajia, akaniletea picha.

Tone limesimama.

"Nifanyeje sasa?" aliniuliza. "Nirudie gazeti na wino wake?" Hilo nalo si swali dogo, na sikujifanya nina jibu. Yeye ndiye aliyelipata. Wateja wake wengi wa Ijumaa hukaa mtaa ule ule. Ametundika kikaratasi mlangoni: ukija na hotipoti yako, nyama inaongezwa kijiko. Wiki ya kwanza walikuja saba. Wiki iliyopita aliacha kuhesabu. Mabakuli anayo bado, ya wapita njia, na amemuuliza yule wa mjini kama anazo aina nyingine.

Ndoo nne

Kazini tulikwenda polepole. Muuzaji nilimwandikia tena, safari hii nikisema PFAS yoyote, kwa makusudi, ndiyo au siyo. Kwa katoni mpya alijibu hakuna, na akaambatisha karatasi ya kipimo. Katoni za zamani akakubali kuzirudisha. Nilimshukuru kwa dhati, hakulazimika.

Vita ilikuwa juu ya sahani za kauri. Meneja alihofia mikono: nani ataziosha, kwa saa zipi, kwa mshahara upi. Nilimwambia nitazihesabu. Kwa wiki moja niliandika kila katoni tuliyofungua na bei yake, na kila dakika ya mashine ya kuoshea. Sasa asubuhi na mchana tunapakua kwenye kauri. Usiku, wakati tuko wawili tu, bado mabakuli. Bibi mmoja wa ghorofa ya pili aliigonga sahani kwa kijiko, akasikiliza mlio wake, akagonga tena.

La sakafu lilinishinda, au tuseme bado linanishinda. Watu wa usafi hubandua nta ya ukumbini usiku na kupaka mpya. Nta za zamani nyingi zilitiwa PFAS kidogo ili zitandae sawasawa, zisiache michirizi ya dekio. Ile tunayonunua sasa imeandikiwa barua kwamba haina. Michirizi ipo, hasa karibu na madirisha, nami nimeacha kuiona. Ila stoo kuna ndoo nne za ile ya zamani. Orodha ya viungo nyuma yake ina neno refu lenye "fluoro" katikati, na hilo ndilo neno ninalowafundisha wenzangu kulitafuta, ingawa zipo karatasi za viungo zisizolitaja kabisa.

Sheria inakataza kuuza. Haikatazi kumaliza ulichonacho. "Tuzitumie ziishe," alisema meneja, na kwa hesabu ya pesa alikuwa sawa. Lakini nta ikibanduliwa huwa maji meusi kwenye ndoo, na maji hayo humwagwa sinki la wasafishaji, na mtambo wa majitaka haukujengwa kuikata florini kutoka kwa kaboni. Yatakwenda mtoni. Mto ni Mississippi, chini ya hapo kuna watu.

Nimezifunga kwa utepe, nikaandika USITUMIE kwa Kiingereza, Kihispania na Kiswahili. Meneja ameuona utepe. Hajautoa.

Rafu ya gereji

Pipa limeondoka Jumatatu iliyopita. Mahali pa vile vitatu nimeweka chuma cha chapati, kizito, nilichokipaka mafuta na kukioka mara nne mpaka kikawa cheusi kwa weusi wake mwenyewe, na sufuria mbili za stili. Mama amesema chuma kitamuumiza mkono. Nimemwambia amwachie dada akiinjike, yeye ageuze tu. Kile cha pete nyeusi amekitoa jikoni. Anawekea kuku maji, na hilo nalo tutalizungumza.

Vikaango vitatu vimebaki na mimi. Hudson hawakuvipokea, siku zao za kurudisha zimepita. Kumpa mtu siwezi. Nilivitia kwenye mfuko wa taka Jumatano usiku, nikaukokota hadi barabarani, nikakumbuka kwamba Oakdale na Lake Elmo yalianza vivyo hivyo, kwa vitu vilivyofukiwa na watu waliodhani vimekwisha.

Nikaurudisha ndani. Viko kwenye rafu, juu ya rangi za ukuta, ndani ya gazeti lile lile.